Mzee Venant Bagenda: Fundi Aliyeyaita Magari Yarudi

Kesho, Jumapili tarehe 31 Desemba 1995, Mzee Venant Bagenda anakabidhi funguo za karakana yetu, akiwa ameitumikia tangu mwaka 1964. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja. Wengi mnaoshika karatasi hii hapa bwaloni mlikuwa hamjazaliwa alipoanza, na Shirika la Uchukuzi la Mwambao wa Ziwa lilikuwa halijapata hata jina. Lilikuwa banda la mabati hapa hapa Igogo, lenye shimo moja la kukagulia magari, na ziwa lilipojaa shimo hilo lilijaa vyura, ikabidi watolewe kwanza ndipo kazi ianze.

Huu ni wasifu wa tano kuandikwa na mimi mwaka huu. Wale wanne waliotangulia walipunguzwa kazi, na kumwandikia mtu sifa za kumwondoa kabla ya wakati wake ni kazi inayochosha. Huyu wa leo angalau anaondoka kwa umri. Stensili niliyochapia ndiyo ya mwisho stoo, na mimi mtunza stoo ninajua kwamba nyingine haitaagizwa, kwa sababu shirika lenyewe linasubiri mnunuzi. Basi mkiona herufi zinafifia ukurasa wa pili, mvumilie.

Mzee Bagenda ni mzaliwa wa Kamachumu, ng'ambo ya ziwa, kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Aliletwa Mwanza na meli, akiwa na sanduku la bati na barua ya padri iliyosema kwamba kijana huyu ana mikono myepesi na hasemi uongo. Mikono myepesi waliiona siku ile ile. Habari ya uongo ilichukua miaka mingi kupimwa, na nitaifikia.

Alianza kwa kuosha magari, akapanda akawa fundi msaidizi, kisha fundi wa injini, na mwaka 1979 akawa msimamizi wa karakana. Mafundi wa Kisukuma walimwita nshomile, neno wanalotaniwa nalo Wahaya wanaopenda kuonyesha kwamba wamesoma, kwa kuwa alikuwa hakazi nati mpaka aeleze kwa nini inakazwa. Alieleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiingereza, na kama bado hujaelewa alikugonga kichwani kwa kidole, pole pole, mpaka uelewe. Naye hakukaa kimya. Aliwaita walaji wa michembe, yale matoleo ya viazi vilivyokaushwa juani, akasema ndiyo maana akili zao zimekauka. Kila Desemba akitoka likizo alileta kopo la senene wa kukaanga. Mafundi waliapa mbele yake kwamba hawali panzi, na kila Desemba kopo liliisha kabla ya chai ya saa nne.

Jambo alilolishika kuliko yote ni salamu. Asubuhi alisimama langoni akapokea shikamoo ya kila aliye mdogo kwake, akaitikia marahaba na jina la mtu. Aliyepita bila kuamkia aliitwa arudi langoni aanze upya, awe fundi, awe dereva, awe karani. Alisema mtu asiyemwona mzee mwenye mwili mkubwa hivi ataionaje nati iliyolegea. Tulimcheka pembeni, lakini tuliamkia.

Kisha ikaja miaka ya themanini mwanzoni, ambayo wenye umri wanaikumbuka bila kusimuliwa. Sabuni ilikuwa foleni, sukari foleni, na kwenye stoo yangu neno lililotumika kuliko yote lilikuwa "hamna". Pamba ilikuwepo, imejaa maghalani inasubiri kubebwa. Malori yalikuwepo. Kilichokosekana ni springi ndogo inayorudisha pedali ya mafuta, kitu cha urefu wa kidole. Bila springi hiyo ukikanyaga mafuta pedali inabaki chini, injini inaendelea kuvuta, na dereva anabaki akiangalia barabara inavyomjia. Malori yakaegeshwa mstari mzima pale ukutani, na viongozi wakawa wanapiga simu kuuliza pamba iko wapi.

Mzee Bagenda alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata ukanda mwembamba, akaufunga kwenye fimbo ya pampu ya mafuta na kuuvuta hadi kwenye bodi. Alitumia fundo ambalo kwao hufungia mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli, lile ambalo hata ukipita kwenye mashimo namna gani mkungu hautikisiki. Akakanyaga pedali, ikashuka. Akainua mguu, ikarudi. Lori likatoka siku ile ile kwenda kubeba pamba. Alisema ni kwa muda tu, springi zikija tutabadilisha.

Springi hazikuja. Fundo likaenea gari moja hadi jingine, na mafundi waliotoka Sengerema, Geita na Magu kujifunza kwake walirudi makwao nalo. Ndipo akapewa jina la Mzee Tyubu, naye akalipenda, akawa analitumia mwenyewe akijitambulisha kwa wageni. Mei Mosi ya 1983 alitangazwa mfanyakazi bora, akapewa baiskeli mpya, zawadi kubwa kwa wakati ule. Pale uwanjani tulibeba kitambaa kilichoandikwa kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikishika upande mmoja, mikono ikauma, na nilijivunia.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilirudi kwa fujo. Maduka ya spea yalijipanga barabara nzima, springi za kila aina zimening'inizwa mlangoni. Hakuna aliyekumbuka kuzinunua. Lori lenye mpira lilikuwa linatembea, na kwetu gari linalotembea haliguswi. Fundi anayelifungulia boneti gari zima anaonekana anatafuta ugonjwa. Mipira ile ikazeeka humo ndani, juu ya joto la injini, ikilowa oili mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1993 shirika likaamriwa lipunguze mzigo, na magari yakauzwa kwa mnada hapa uwanjani kwetu, kama yalivyo. Yakaondoka na mafundo yake.

Masika ya 1994, Ngosha Chenge alikuwa anashuka Mkuyuni na shehena ya pamba. Huyu alikuwa dereva wetu. Alipopunguzwa kazi, tajiri aliyenunua lori lake pale mnadani alimchukua aendelee kuliendesha. Ngosha aliinua mguu, pedali haikuinuka. Mpira ulikuwa umelainika, ukajiviringisha kwenye fimbo ya pampu, ukaishikilia pale pale ilipo. Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya, akazima swichi. Injini ilinyamaza, usukani ukawa mzito, na breki zikabaki na nguvu kidogo sana. Mbele yake kulikuwa na genge la akina mama wauza mihogo, na kando ya barabara kulikuwa na yale mawe makubwa. Akachagua mawe.

Hakuna aliyekufa, na hilo tulimshukuru Mungu. Lakini mguu wa kulia wa Ngosha ulisagika chini ya dashibodi, haukuunga sawa, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Alikuwa dereva tangu ujana wake na hakujua kazi nyingine. Wakati bado yuko hospitalini, trafiki waliandika kwamba ajali imetokana na uzembe wa dereva, wakaizuia leseni yake.

Mzee Bagenda anaishi Butimba, na Mkuyuni ni njiani kwake. Jioni ile alipita na baiskeli yake ya Mei Mosi, akaona lori limelalia mawe, akalitambua. Alifungua boneti kwa nguvu, akatazama ndani, akaliona fundo lake, la mkono wake mwenyewe, bado limekaza. Akina mama wa mihogo wanasema alikaa chini juu ya pamba iliyomwagika mpaka mmoja wao akamletea maji akidhani na yeye alikuwa ndani ya lori.

Kutoka pale alikwenda kituo cha polisi kusema kwamba dereva hana kosa, fundo ni lake. Askari hawakujua wamfanye nini mtu anayekiri kabla hajaulizwa; walimwambia aende nyumbani apumzike. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa yake, akiwa ameshika kipande cha mpira, akiwafungia na kuwafungulia fundo juu ya meza ya kaunta, mpaka wakachoka. Mwisho maelezo yalibadilishwa na Ngosha akarudishiwa leseni. Ilikuwa leseni ya mtu asiyeweza tena kukanyaga breki.

Meneja wetu wa wakati ule, ambaye yuko kwingine siku hizi na tunamwombea heri, alimwita Mzee ofisini na kumweleza kwa upole. Magari yaliuzwa kama yalivyo, alisema. Shirika linatafuta mnunuzi, na hakuna mnunuzi anayetaka kusikia habari za mipira. Mzee alimjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo upole ukaisha. Akakatazwa kulitumia jina la shirika katika jambo hilo, akakubali, akatumia lake.

Ngosha alipotoka hospitalini alipita langoni kwetu kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Mzee alikuwa amesimama pale pale anaposimama kila asubuhi. Ngosha, kijana wake aliyemfundisha tangu siku za spana ya kwanza, alipita na fimbo yake bila kusema shikamoo. Sote tuliona. Mzee hakumwita arudi.

Tangu hapo alikataa kuitwa Mzee Tyubu. Ukimwita hivyo alikuwa haitikii, na wageni wengine walidhani masikio yameanza kumpotea.

Wazo la kuyaita magari alilipata kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza kilichofungiwa spea. Kiliandika kwamba viwanda vya ng'ambo vikigundua kasoro katika gari vinalolitengeneza, huyaita magari yote ya aina hiyo yarudi yakarekebishwe, hata yawe yameuzwa zamani. Alitusomea bwaloni, akatutafsiria. Tulicheka sana. Kiwanda kikubwa kinajitangaza chenyewe kwamba kimekosea, nani atanunua tena? Yeye hakucheka. Alisema magari yaliyotoka hapa na mipira ni kumi na moja, lile la Ngosha limeshasema lake, na yaliyobaki yatarudi.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na mtu wa hapa kwetu tu. Alituma kadi ya salamu redioni. Mnakumbuka ilivyosomwa, katikati ya salamu za arusi na za wapiga soga: Venant Bagenda wa Butimba, Mwanza, anawasalimu wote walionunua magari ya Mwambao pale mnadani, na ujumbe wake ni kwamba wayarudishe upesi, wasiyaendeshe. Baada ya hapo likapigwa dansi. Neno "wayarudishe" lilitosha. Watu wa hapa wamewahi kuamriwa warudishe maduka, nyumba na malori, wakaambiwa ni kwa faida ya wote, na hawakusahau. Wiki ile magari yetu ya zamani yalitoweka barabarani. Moja lilipakwa rangi ya kijani, jingine likafunikwa na mabua ya mtama huko Magu, na mwenye basi dogo alikula kiapo kwamba hajawahi kumiliki basi.

Mzee, ambaye maisha yake yote aliita watu wakaja, ikabidi aanze kuwafuata. Kila Jumapili baada ya misa aliondoka na koleo, springi zimejaa mfuko wa shati zikilia anapotembea, akazunguka kwenye vinu vya pamba, masoko na mialo ya samaki. Alikuwa akiuliza kwa unyonge gari liko wapi, akiahidi kwamba hatalichukua. Alifukuzwa na mbwa Nyegezi. Kisesa alisubirishwa juani mpaka kikao cha ukoo kilipoamua kama ni mpelelezi. Mkewe, Mama Felicitas, alimwambia siku moja mbele yetu, akianza kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu, hayo magari yana wenyewe. Na wewe una mwenyewe, niko nyumbani." Lakini Jumapili iliyofuata ni yeye aliyemfungia chakula cha njiani.

Kila alipofanikiwa kubadilisha springi hakuondoka mpaka amfundishe dereva. Alisema tuliwafundisha madereva namna ya kulifanya gari liende wakati hakuna spea, na hatukuwafundisha la kufanya gari likikataa kusimama. Mafunzo yake aliyarudia kwa maneno yale yale, na hapa nayaandika kama alivyoyasema, maana yanaweza kumfaa yeyote mwenye gari: "Pedali ikibaki chini, usiipige teke. Ingiza ncha ya kiatu chini yake uivute juu mara moja. Ikikataa, iache. Kanyaga klachi, toa gia, weka fri, injini ilie inavyotaka, haikupeleki tena. Kisha breki, mkanyago mmoja mzito, usiipampu. Shika usukani utoke pembeni. Usizime swichi gari linapokimbia, maana utapoteza usukani na breki. Zima likishasimama. Halafu usiondoke hapo mpaka ujue lilishikwa na nini."

Madereva walifanya zoezi hilo uwanjani mbele yake, tena na tena, injini ikilia mpaka majirani wakalalamika. Mtu wa shirika la misaada aliyekuwa akipita alidhani tunafungua chuo. Wengine walimwona mzee amechanganyikiwa kidogo kutokana na ile ajali, na sitasema sikuwahi kuwasikia wakilisema hilo mezani. Naye alikuwa anachoka. Suruali zilimlegea. Akifika Mkuyuni asubuhi na jioni alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma kwa miguu pale penye mawe, kisha akapanda tena.

Mwaka huu ulipofika Agosti, magari yote yalikuwa yamepata springi isipokuwa lori moja.

Lori hilo lilinunuliwa na Mama Paskazia, mfanyabiashara wa dagaa na sangara, ambaye analiweka ng'ambo, upande wa Sengerema. Maana yake ni kwamba kila linapoleta samaki mjini linapita kwenye kivuko cha Busisi na Kigongo. Mnapajua. Abiria wanashuka kwenye magari, wanateremka kwa miguu kuingia kivukoni, na kuku wao na watoto mgongoni, na magari yanateremka nyuma yao. Mzee alikuwa akitueleza jambo hilo kila siku ya chai. Lori linashuka, watu wako mbele, mbele ya watu ni maji. Alilieleza mpaka tukawa tunahama meza. Najua alikuwa anaogopa, na kwa kweli alituambukiza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipokwenda Sengerema kwenye msiba mwezi wa tisa nilishuka nikasimama pembeni mpaka magari yote yakapita.

Mama Paskazia hakuwa mtu mbaya. Miaka ya sabini lori la marehemu mumewe lilichukuliwa kusaidia kuhamisha watu, akaahidiwa litarudi baada ya mavuno, na akavuna mara nyingi bila kuliona. Basi Mzee alipotokea kwake akiulizia lori, alimkaribisha, akampa sangara wa kukaanga, na akamwambia lori ameshaliuza Musoma. Mara ya pili Mzee hakuomba kuliona. Aliacha springi mezani, akamsihi mafundi wake waukate mpira waiweke. Mafundi walifungua boneti, wakatazama, wakamshauri mama asithubutu. Walikuwa wanafunzi wa Mzee mwenyewe. Walisema hiyo ni kazi ya Mzee Tyubu kwa mkono wake, na fundo lake halikatwi.

Aliporudishiwa habari hizo alicheka kidogo, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye shimo la ukaguzi. Zilibaki wiki chache kabla ya kustaafu. Alikuja stoo akaniambia kwamba amekwisha kubali kwamba ataondoka hilo moja likiwa bado nje.

Sasa, sheria inasema mstaafu asafirishwe na mizigo yake mpaka kwao. Shirika la uchukuzi, lililowahi kubeba nusu ya pamba ya mwambao huu, lilitafuta lori la kumpeleka Mzee Bagenda Kamachumu na likakuta halina hata moja linalotembea. Utawala ukaamua kukodi. Kukodi lori hapa mjini ni kupitia dalali, na dalali wa malori pale sokoni Mkuyuni, kwa wasiojua, ni Ngosha Chenge. Anakaa kwenye benchi na fimbo yake, anajua kila lori liko wapi, limebeba nini na mwenye lori ana shida gani. Karani wetu alimpelekea ombi akiwa na wasiwasi. Ngosha aliuliza mzigo ni wa nani, akaambiwa. Akasema lori litakuja Alhamisi likaguliwe kabla ya safari.

Alhamisi hii, asubuhi, lori la buluu likaingia langoni kwetu, Ngosha akiwa kwenye kabini upande wa pili wa dereva, na Mama Paskazia katikati yao, maana lori hilo haliachi liende mbali bila yeye. Alikuwa ameambiwa kuna mzigo wa mstaafu wa kupeleka Kagera, mzigo wa kulipwa. Hakuambiwa mstaafu ni nani. Mzee Bagenda alitoka karakanani akifuta mikono, akaliona lori, akasimama. Mama Paskazia akamwona Mzee, na springi zile mfukoni, akamwamuru dereva arudishe gari nyuma haraka.

Ngosha alikuwa ameshashuka. Aliegemea bampa ya mbele na fimbo yake, akasema, bila kupaza sauti, "Mama, tulia. Huyu haji kuchukua lori. Anakuja kuchukua mpira wake."

Dereva akazima injini. Mzee alifungua boneti, akaingiza mkono bila kutazama, kwa kuwa anajua ulipo, akatoa kisu akakata. Mpira ulikuwa mweusi, unanata, umeshaanza kuizunguka fimbo ya pampu. Alimpa Mama Paskazia aushike. Mama aliugeuza kiganjani, akauliza, "Ni huu tu? Siku zote hizo ni huu tu?" Mzee akamwambia ni huo tu, mama. Kisha akafunga springi mahali pake, akamwomba dereva akanyage. Pedali ikashuka, ikarudi. Akaomba akanyage tena. Mafundi walikuwa wameacha kazi, wamesimama mlangoni, na hakuna aliyetania.

Alikuwa bado ameinamia injini Ngosha alipomsogelea akasema, "Shikamoo, mzee."

Ninamfahamu Mzee Bagenda tangu nikiwa msichana wa masijala, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona akichelewa kuitikia salamu. Aliendelea kushika springi ile kana kwamba inaweza kuponyoka, kisha akasema, ndani ya boneti, "Marahaba, Ngosha. Marahaba, mwanangu."

Kwa niaba ya wafanyakazi waliobaki, na wengi walioondoka kabla yako, tunakushukuru, Mzee. Tunakushukuru kwa pamba uliyoiokoa wakati hakuna kitu, na kwa miaka hii miwili ya kuyafuata magari ambayo hakuna aliyekutuma. Tunamshukuru Mama Felicitas aliyekungojea Jumapili zote hizo. Sijui karakana hii itakuwa ya nani mwakani, wala kama atakuwepo mtu wa kusimama langoni asubuhi. Nimechoka, na ninakuonea wivu kwa kupumzika.

Jumanne mtaondoka na mizigo yenu kwenda Kamachumu. Mungu awape afya, kahawa isiyoshikwa na ugonjwa, senene wa kutosha, na wajukuu wanaoamkia bila kuitwa warudi. Mkifika Kigongo, shuka utembee na abiria wengine, na usigeuke kutazama nyuma. Lori litateremka nyuma yako, na litasimama.

Suzana Pius
Mtunza Stoo